San Pedro Yenye Papa

Kijiwe chetu cha kahawa Magomeni kilinipa uenyekiti wa kamati ya safari kwa sababu moja tu: nauza kava na chaja za simu. Kwa akili ya pale, mtu anayebandika protekta bila kuacha mapovu hawezi kushindwa na intaneti.

Ilikuwa Oktoba 2023. Mwezi uliotangulia Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, walitoka suluhu ya bila mabao na Algeria kule Annaba, tukafuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya tatu tangu nchi ipate uhuru: 1980, 2019, na sasa. Droo ikatupeleka Kundi F na Morocco, Zambia na DR Congo. Mechi mbili za kwanza San Pedro, uwanja wa Laurent Pokou, ya tatu Korhogo, kaskazini kabisa mwa Ivory Coast. Tukaapa watano, vikombe mkononi, kwamba Korhogo tutajua mbele ya safari lakini San Pedro lazima tufike. Kila mtu akatoa laki moja na nusu, tushike malazi kwanza, kabla mashabiki wa Morocco hawajavijaza vyumba vyote.

Usiku huohuo nikaandika "San Pedro chumba watu watano" kwenye simu. Mungu akajibu papo hapo. Nyumba ya mbao, vyumba vitatu, veranda, na bahari ukiinyooshea mguu inakulowesha. Picha ya minazi tu ilitosha kunitoa machozi. Nikamwandikia mwenye nyumba kwa Kifaransa nilichotafsiriwa na simu. Akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba Kifaransa hajui.

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilimsifu. Nikawaambia wenzangu, "Mnaona? Hawa wamejiandaa kupokea wageni mpaka Kifaransa wamekiweka pembeni."

Jambo la pili, yule bwana alikuwa hajibu mchana. Namwandikia saa tatu asubuhi, kimya. Jibu linaingia saa tisa usiku, simu inaita kichwani kwa mke wangu. Siku ya nne mama watoto akakaa kitandani, akauliza, "Kati yetu na Ivory Coast ni masaa matatu tu. Huyu ni mwenye nyumba au bundi?" Nikamwambia biashara ya utalii haina usingizi. Akageukia ukutani. Ningemsikiliza yule mwanamke ningekuwa mtu wa maana leo.

Nikamuuliza mwenye nyumba kama uwanja wa mpira uko mbali. Akasema hapana, upo, dakika chache tu kwa mguu. Kijiwe kilipiga makofi. Akauliza kama tutapenda kukodi kigari cha gofu, kwa sababu pale mjini watu wengi ndivyo wanavyotembea. Kigari cha gofu! Mzee wetu, aliyewahi kuendesha lori la mizigo mpaka Tunduma, akasema ataendesha yeye na bendera ataifunga nyuma. Halafu swali la tatu: tungependa kwenda kuogelea na papa? Hapo kikao kiligawanyika. Sisi papa tunamjua wa nazi, aliyekaushwa Kilwa, ambaye ugomvi wake na binadamu ulikwisha siku nyingi. Tukapiga kura. Wanne wakakataa, fundi bomba akasema yeye ataangalia tu kutoka kwenye boti.

Maana boti nayo ilikuwepo. Mwenye nyumba aliandika kwamba tukishatua tutapanda boti kama saa moja na nusu hivi, au ndege ndogo. Mimi hapo nilisita kidogo, kusema kweli. Lakini mwalimu wa jiografia, mwanakamati mwenye shahada yake, akanitoa wasiwasi: Abidjan, jiji kubwa la Ivory Coast, imezungukwa na wangwa mkubwa, boti za abiria ni usafiri wa kawaida kule. Na ni kweli kabisa, zipo. Ndiyo ubaya wa kukosea ukiwa na msomi pembeni, kosa linapata ushahidi.

Nikatuma kishika uchumba, dola 300. Hayarudishwi, masharti yalisema. Nani anataka yarudi?

Kwa wiki tatu maisha yalikuwa matamu. Kinyozi Mkongomani wa jirani akawa anatufundisha Kifaransa kila jioni kwa malipo ya kahawa na kashata. Sisi hatukutaka habari za kuuliza njia ya hospitali. Tulitaka "refa, hiyo ni penalti", "kadi iko wapi" na "toka nje". Mzee alishika moja tu, "penalti", na akawa anaitamka kwa pua. Kinyozi mwenyewe alikuwa anacheka chinichini, maana mechi ya tatu tulikuwa tunacheza na kwao.

Siku ya tiketi tukaenda Posta, katikati ya jiji, wote watano, jezi mwilini, kwenye ofisi ndogo ya wakala. Dada wa tiketi akauliza kwa adabu, "Mnasafiri kwenda wapi, kaka zangu?"

"San Pedro," nikasema.

"Ya wapi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, wewe mpira hufuatilii kabisa?"

Nikamsukumia karatasi niliyonakili kutoka kwa mwenye nyumba: mtatua BZE, kisha boti. Akaandika kwenye kompyuta. Akaangalia. Akatuangalia sisi, kuanzia jezi mpaka ndala za fundi bomba. Akaandika tena.

"Mna viza ya Marekani?"

Nikajua hajasikia vizuri. "Dada, sisi tunaenda AFCON. Ya Afrika."

"Sawa kaka, lakini hapa njia inatoka Dar, Doha, Miami, halafu ndiyo BZE. Miami hupiti bila viza, hata kama hutoki nje ya kiwanja."

Kimya. Fundi bomba akajaribu kunitetea, Mungu ambariki: "Labda za moja kwa moja zimejaa, ndiyo maana wanatuzungusha."

Dada akaigeuza skrini. Ramani. Mstari mwekundu ulitoka Dar, ukapanda Uarabuni, ukavuka Ulaya, ukavuka Atlantiki yote, ukashuka Florida, ukaenda kutua kwenye kijinchi kilichobanwa kati ya Mexico na Guatemala. Belize. Amerika ya Kati. San Pedro yangu ilikuwa mji wa kisiwani huko, maarufu kwa matumbawe, vigari vya gofu na wale papa. Nilikuwa nimekosea kwa bahari nzima.

Wote tukamgeukia mwalimu wa jiografia. Akavua miwani, akaifuta taratibu na jezi, akasema yeye siku zote amefundisha Afrika Mashariki.

Mzee hakunigombeza. Alisema kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, sasa kule nani angecheza na Zambia?"

Kurudi Magomeni tulipanda gari tofauti. Jioni hiyo jina langu lilishabadilika, nikawa Belize, na watoto wa mtaa ambao hata hawajui ni nini wananiita hivyo mpaka leo. Mwenye nyumba nilimwandikia ukweli wote. Akajibu saa tisa usiku, kama kawaida yake. Alicheka sana, nafikiri, maana alama za kicheko zilijaa skrini, kisha akasema fedha hawezi kurudisha ila tunaweza kuja wakati wowote ndani ya mwaka mzima. Kwa hiyo watu watano wa Magomeni, mmoja wao hana hata pasipoti, tulikuwa na chumba kinatungoja Karibiani.

Januari 17 tukafungwa na Morocco mabao matatu kwa bila. Siku mbili baadaye kocha Adel Amrouche akafungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa maneno aliyoyasema, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman, ambaye nchi nzima inamwita Morocco. Hapo ndipo nilipopata cha kusema kijiweni. Nikasimama. Nikasema, tumefungwa na Morocco, tukampa timu Morocco, na kituo cha mwendokasi pale Kinondoni kinaitwa Morocco, na hakuna aliyewahi kupotea. Mimi San Pedro mbili tu zimenishinda, ndiyo mnanichora?

Muuza kahawa akajibu bila kuinua macho kwenye birika: "Ndiyo ujinga wako, Belize. Kundi lote ulikuwa nalo kwa nauli ya daladala. Morocco Kinondoni, Kongo mtaa wa Kariakoo, Zambia treni iko Tazara."

Mechi ya Zambia, Januari 21, tuliangalia kwenye banda, hatua chache kutoka kituo hichohicho cha Morocco. Msuva wetu akafunga dakika ya 11, mzee akapiga kelele za "penalti" ingawa haikuwa penalti. Zambia wakapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kumi tu uwanjani, na sisi tunaongoza. Tukaanza kupiga hesabu za Korhogo kwa nguvu mpya. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Nilitoka bandani bila kuaga.

Saa tisa usiku simu ikaita kichwani kwa mama watoto. Mwenye nyumba wa Belize. Alikuwa ametafuta matokeo yetu mwenyewe. Ameandika: poleni sana kwa ile dakika ya 88. Halafu chini yake: kile kigari cha gofu bado mnakihitaji?