Heshima kati ya mawakili wa kesi za ndoa: nani analipa gharama yake?

Pale Temeke, Dar es Salaam, kwenye Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, mashauri ya ndoa na mirathi husikilizwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Huko utakuta mawakili wawili waliotoka kurushiana maneno mbele ya hakimu wakicheka pamoja nje. Mteja akiwaona, moja kwa moja anahisi wakili wake kanunuliwa.

Hisia hiyo mara nyingi si ya haki. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinamtaka wakili amtendee mwenzake kwa adabu na nia njema, na katika kesi za ndoa kuna sababu ya ziada. Wafanyabiashara wakishamalizana mahakamani, kila mmoja hushika njia yake. Wazazi wataendelea kuonana kwenye ada za shule, misiba na harusi za watoto hao hao. Mawakili wanaoelewana wanaweza kumaliza kwa simu moja suala la mtoto atalala wapi wakati wa likizo. Wasioelewana watalipeleka kwa hakimu, na kila tarehe ni nauli na ada kwa pande zote mbili.

Wapo wanaosema adabu ikizidi humwangusha mteja, nao wana hoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ukatili na uzinzi ni miongoni mwa mambo ya kuthibitisha hilo. Mwanamke mwenye PF3 mkononi, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa, anahitaji wakili atakayeandika kwamba alipigwa, lini na kwa kitu gani. Akiandikiwa "kulikuwa na kutoelewana" ili upande wa pili usikwazike, hapo kachezewa. Ila kueleza kipigo hakuhitaji matusi, na wakili anayejaza hati ya madai tetesi za mtaani kuhusu shemeji na mawifi hamsaidii mteja. Anamuuzia hasira zake mwenyewe, tena kwa bei.

Kwangu mimi, tatizo kubwa liko kwenye kuahirisha tarehe za shauri. "Mheshimiwa, mwenzangu msomi yuko Mahakama Kuu, hatuna pingamizi." Sentensi hiyo ni fupi na ya kiungwana, lakini gharama yake hailipwi na aliyeitamka. Inalipwa na mama anayesubiri matunzo, au na baba ambaye hajamwona mwanawe tangu shauri lifunguliwe.

Mawakili watakujibu kwamba leo ni kwake, kesho ni kwangu: nikimkatalia, siku nitakayouguliwa na mtoto hospitali ya Muhimbili nitamwomba nani? Jibu hilo halina unafiki. Mikoani, ambako mawakili ni wachache na wanakutana kila wiki, asiyekubali kuahirisha atajikuta peke yake, na wateja wake wataumia pia.

Ninachopinga ni kukubali bure. Sheria ya Ndoa hiyo hiyo inairuhusu mahakama kuamuru matunzo ya mke wakati shauri linaendelea, na wajibu wa baba kumtunza mtoto hausimami kusubiri hukumu. Kwa hiyo wakili anaweza kumpa mwenzake tarehe aliyoiomba na papo hapo akaomba amri ya matunzo, wala asimkosee mtu heshima. Nyumba nayo hivyo hivyo. Sheria inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini mnunuzi mwenye haraka haulizi ridhaa. Zuio la kuuza nyumba hiyo likiwa limeshasajiliwa kwenye daftari la ardhi, kuahirisha mwezi mmoja ni usumbufu tu. Bila zuio, mwezi huo unatosha nyumba kubadili jina.

Na kabla ya kusema "hatuna pingamizi", wakili amgeukie mteja aliyeketi nyuma yake amuulize.