Simu za intaneti ofisini: wauzaji wanaanza na bei, mimi naanza na namba ni ya nani

Kila ofisi ninayoingia hapa Dar, iwe Posta iwe Kariakoo, swali ni lilelile: hivi hizi simu za intaneti zinalipa kweli au ni mafundi tu wanataka kutuuzia vifaa? Mimi nazifunga, nimeziona zikipiga kazi vizuri na nimeziona zikiaibisha watu mbele ya wateja, kwa hiyo niseme ninavyoona, na nianze kwa kukubali kwamba ile hoja ya "utapunguza gharama" ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kwanza maneno, maana hapa ndipo watu wanapigwa. PBX ni kile kigawa simu cha ofisi, zamani lilikuwa boksi limetundikwa ukutani karibu na mapokezi, nyaya kibao, unabonyeza 9 ndo upate laini ya nje. Siku hizi PBX ni programu tu. Inayojulikana sana, Asterisk, aliianza Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake changa haikuwa na hela ya kununua PBX ya kawaida, na mpaka leo ni ya bure, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia "programu ya PBX" kwa bei ya kiwanja muulize vizuri ndani kuna nini.

Halafu kuna SIP, ndo neno utakalolisikia mpaka uchoke. SIP ni mshenga. Kazi yake ni kwenda kubisha hodi, kuuliza yupo, anapokea, tutaongea kwa lugha gani, na mwisho kusema haya simu imekatwa. Sauti yenyewe haibebi, hiyo inabebwa na mwenzake anaitwa RTP. Ukilielewa hili tu umeshaelewa nusu ya matatizo. Ile simu inaita vizuri, unapokea, yeye anakusikia wewe humsikii, "haloo, haloo, mbona kimya", mara nyingi ni mshenga kafika salama ila kaacha anuani ya ndani, zile 192.168 za ruta ya ofisi, sasa aliye nje akituma sauti anaituma kwenye nyumba asiyoweza kuifikia. Ni sawa na kumwambia mgeni anayetoka Mwanza "njoo kwenye geti jeusi" bila kumtajia mtaa.

Sasa kasi ya intaneti. Watu wanadhani simu hizi zinakula bando, hapana. Kuna kodeki, yaani namna ya kuigeuza sauti kuwa data. Ile ya zamani G.711 inachukua kilobiti 64 kwa sekunde, sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, ukijumlisha na bahasha za kila pakiti unafika kama kilobiti 87. Simu kumi kwa wakati mmoja hazifiki megabiti moja kwenda na moja kurudi! Faiba yoyote inaweza. Shida siyo upana wa barabara, shida ni mwendo. Pakiti ni kama daladala, zinatoka Mbagala zimepishana vizuri, zinafika Posta tatu kwa mpigo halafu kimya. Simu ina sehemu ndogo ya kuzisubirisha ili izipange, ila ikisubiri sana mnaanza kuongea kwa kugongana, na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Pakiti iliyochelewa haina faida, inatupwa, ndo ile sauti ya roboti.

Kuna ofisi moja ya kutoa mizigo, Kurasini, walinipigia wakidai simu ni mbovu, kila siku saa kumi jioni zinakatakata. Nimekaa pale siku mbili. Kumbe saa kumi kompyuta ya uhasibu inaanza kupandisha nakala ya mafaili yote kwenda nje, inajaza njia ya kupandishia, sauti inakosa pa kupita. Nikaingia kwenye ruta nikaipa sauti kipaumbele, dakika kumi kazi imeisha. Lakini wao walikuwa wameshaandika barua ya kurudisha vifaa.

Wanaozikataa nao wana hoja, na ya kwanza ni umeme. Simu ya zamani ya waya wa shaba inakuja na umeme wake kutoka kituo cha simu, kama volti 48, mtaa mzima giza yenyewe inaita. Simu ya intaneti inategemea swichi ya mtandao, ruta, kifaa cha faiba na hiyo PBX, kimoja kikizima kwisha habari. Sawa, simu yenyewe inaweza kupewa umeme kwa waya uleule wa mtandao, kwa hiyo UPS moja, lile boksi la betri ya akiba, chini ya rafu inatosha kubeba ofisi nzima kwa muda, ila nani anabadilisha betri za UPS? Mara nyingi hakuna.

Ya pili ni hao wanaoweka PBX kwenye seva ya Ulaya. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika tuliona intaneti ilivyokuwa nchi nzima. Kama PBX yako iko nje, siku kama hiyo mtu wa ghorofa ya pili anashindwa kumpigia wa ghorofa ya tatu, jambo ambalo lile boksi la ukutani halikuwahi kufanya. Ikiwa hapo ofisini, simu za ndani zinaendelea hata intaneti ikifa.

Ya tatu wizi. PBX iliyo wazi kwenye intaneti, ekstensheni, yaani namba ya ndani, 100 na nywila 100, inagunduliwa mapema tu, na wikiendi ofisi imefungwa inapiga simu nchi za mbali. Bili ni yako.

Na bei? Dar na tawi la Arusha mkipigiana ndani ya mfumo, hamlipii dakika. Ila ukipiga namba ya mkononi bado unalipa, kampuni yenye namba ile inadai chake. Akija mtu na boksi limejaa laini za simu akuahidi dakika za bure mfukuze, hizo ni balaa na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano.

Sasa kwa nini bado nazifunga? Kwa sababu ya namba. Angalia ofisi zetu nyingi, mteja hana namba ya ofisi, ana namba ya kijana wa mauzo. Kijana akihama anahama na wateja wote WhatsApp, bosi anabaki na samani. Namba ya mezani, ile ya 022 ya Dar, ikiingia kwenye PBX, inaita meza tatu kwa pamoja, isipopokelewa inaenda kwenye programu kwenye simu ya mkononi ya huyo kijana, ila namba inabaki ya ofisi. Hilo ndo nalipia mimi.

Kwa duka la watu wawili wanaokaa meza moja sioni haja, nunueni laini moja ya ofisi ikae kwenye droo. Kuanzia watu sita hivi na matawi, ndiyo, PBX ikae ofisini, na laini moja ya shaba kama bado mnayo msiikate. Pale Kurasini tuliiacha moja mapokezi, dada wa pale kaifunika kitambaa, umeme ukikata anaifunua.