Bao lina kete 64, jamani

Hakuna kinachoudhi barazani kama kuanza bao na kete pungufu. Kila mchezaji ana haki ya kete 32: sita nyumbani (shimo kuu la kila mchezaji), mbili-mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza mchezoni mojamoja kila zamu. Zihesabuni kabla! Kazi ya dakika moja.

Watu hawahesabu. Mchezo ukifika kwenye mtaji, yaani kete za mkononi zikiisha na mkicheza za mashimoni tu, ndipo kelele zinaanza. Na kete moja si kitu kidogo: ukiwa nayo, kete yako ya mwisho inaishia kwenye shimo lenye kete na unakula, ukiikosa, inaishia shimo moja nyuma, tupu, unalala, yaani zamu yako inaisha. Mchezo mzima unageuka hapo.

Halafu kuna hili la kuziba pengo kwa kokoto. Komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, ni laini, zinateleza vidoleni na kudondoka mojamoja. Kokoto inakwaruza mti, na aliyezoea anaitambua kwa kugusa tu. Bora mbegu yoyote ngumu ya duara kuliko jiwe.

Mkimaliza, rudisheni zote kwenye mfuko wenye kamba, si kuziacha mashimoni watoto wazichukue kuchezea. Na wekeni akiba ya komwe nne tano.