Klabu ikimwita mgeni aje kucheza, imbebe mpaka mwisho

Kila dirisha la usajili likifunguliwa hapa Uganda mjadala unakuwa ule ule, wachezaji wa kigeni wawe wangapi, watatu, watano, ama wasiwepo kabisa, na watu wanagombana redioni mpaka usiku. Mi naona tunaacha swali kubwa tunakimbiza dogo. Swali kubwa ni nani anamjibia huyo mtu akishafika. Nani anamtafutia kibali cha kazi, nani analipa nyumba, nani anamlipa mshahara timu ikiwa inapoteza, na nani anamrudisha kwao mambo yakiharibika. Ukiniambia klabu fulani ina wageni kumi na wote wako na kibali, mkataba na pesa yao inaingia kila mwezi, mi sina shida hata kidogo. Ukiniambia klabu ina mmoja tu na huyo mmoja analala njaa, hiyo klabu isiruhusiwe kuleta mwingine.

Niseme wazi, sichukii wageni kwa mpira wetu. SC Villa walikaa tangu 2004 bila kombe la ligi, miaka ishirini mizima, wakalipata msimu wa 2023/24 wakiwa na kocha Mserbia, Dušan Stojanović. Vipers walipoingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2022 waliitoa TP Mazembe kwa penati huko huko Lubumbashi, na benchi lilikuwa la Mbrazili, Roberto Oliveira, yule tunamwita Robertinho. Na Micho, yule kocha Mserbia Milutin Sredojević? Huyu alikuja Villa mwaka 2001, watu wakamzoea mpaka wakamwona wa nyumbani, baadaye akaichukua timu ya taifa 2013 na ndiye aliyetupeleka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2017 kule Gabon, wakati sisi mara ya mwisho ilikuwa 1978. Mtu akisema wageni hawajatusaidia huyo hajafuata mpira.

Alafu kuna upande wa pili ambao tunausahau haraka sana. Sisi ndo tunapeleka watu nje kuliko tunavyopokea. Denis Onyango ametengeneza jina lake Afrika Kusini. Khalid Aucho alienda Yanga ya Tanzania akawa mhimili wa kiungo chao. Mary Nuba Cholhok na Peace Proscovia walicheza netiboli Uingereza, kwa Loughborough Lightning, na wasichana wa huku wakaona kumbe netiboli inaweza kulisha mtu. Hao wote ni wageni kwa nchi ya mtu, wote waliishi kwa karatasi ambayo klabu ilisaini. Kwa hiyo vile tunawatendea Wakongo na Wanigeria wanaokuja hapa Kampala, tukumbuke kuna mtoto wetu mahali anaomba atendewe vizuri.

Emmanuel Okwi, mshambuliaji wetu, anajua hii habari. Januari 2013 Simba ya Tanzania walimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, sisi huku tukashangilia sana. Baada ya muda tukasikia mchezaji hajalipwa mishahara, na Simba nao wanadai pesa yao ya mauzo. Ikabidi kesi iende FIFA, wakamruhusu aje acheze Villa kwa muda asije akapoteza kiwango, mwisho wa mwaka akatokea Yanga. Huyo alikuwa Okwi, jina kubwa, mtu wa kupigiwa simu na waandishi wa habari. Sasa fikiria kijana asiyejulikana na mtu, yuko nchi asiyojua lugha yake, nani atamfungulia kesi.

Hebu tuangalie wenzetu wa Uingereza wanafanyaje, siyo eti tuwaige kila kitu, pesa yao si yetu. Kule klabu haiwezi tu kuamka asubuhi ikaita mtu. Kwanza klabu yenyewe inaomba leseni ya udhamini serikalini. Pili chama cha mchezo ule, kwa mpira ni FA, lazima kithibitishe kwamba huyu mchezaji ama kocha ni wa kiwango na atausaidia mchezo. Ndo klabu inatoa cheti cha udhamini na mtu anaomba viza. Tangu Januari 2021, baada ya Brexit, yaani kutoka Umoja wa Ulaya, wanatumia pointi kwa mpira, unahitaji 15, na mchezaji wa nchi iliyo ndani ya 50 bora za FIFA anaweza kupita moja kwa moja akiwa amecheza mechi za kutosha za timu ya taifa. Sisi hatumo kwa hiyo 50, ndo maana vijana wetu wengi mlango ule ni mgumu. Hilo linaniuma, na naona kipimo chao kinabana sana nchi ndogo. Ila kuna kitu kimoja pale mi nakipenda sana: mtu akiacha kuja kazini ama mkataba ukivunjika, klabu ina siku 10 za kazi kuripoti serikalini, na ikicheza na hayo mambo inaweza kupoteza leseni yake. Mzigo uko kwa aliyeita.

Kwetu mzigo uko kwa aliyeitwa. Naishi Busia, mpakani na Kenya, naona watu wakivuka kila siku, na Kampala naenda mara nyingi kwa sababu ya kazi. Mchezaji wa kutoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anaingia na pasi ya mgeni, anapewa miezi sita, hakuna shida, anaanza mazoezi, anaanza hata kucheza mechi za kirafiki, klabu inamwambia kibali kinakuja. Kibali hakiji. Miezi ikiisha yeye ndo amekaa vibaya, yeye ndo anaogopa akiona afisa wa uhamiaji, kiongozi wa klabu amelala kwake raha mustarehe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sawa, lakini huyu wa mpira jembe anapewa siku ya kwanza na chakula hapati hata ya tatu.

Kuna kipa mmoja kutoka Bukavu niliyemfahamu, alikuwa anakaa Nsambya, Kampala, chumba kimoja na wenzake. Jina la klabu silisemi. Walimpa mkataba wa Kiingereza yeye anajua Kiswahili, Kifaransa na Kilingala, akausaini hivyo hivyo, baadaye ndo akaniletea nimsomee. Nikakuta imeandikwa kwamba mkataba utaanza kufanya kazi siku kibali kitakapotoka. Maana yake ni kwamba muda wote ule aliokuwa anadaka mipira, kwa mawazo ya klabu, hakuwa na mkataba. Paspoti yake ilikuwa kwa droo ya ofisi ya klabu, eti kwa usalama. Mwenye nyumba akaanza kumfungia mlango. Akarudi kwao kwa nauli iliyochangwa na wachezaji wenzake, Waganda, watu ambao na wao walikuwa wanadai. Niliumia sana, na mpaka leo nikiona timu ile inatangaza sajili mpya kutoka nje moyo unachemka.

Na hicho kifungu alichosainishwa, kumbe FIFA wamekikataa kitambo. Kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 18, zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea vipimo vya afya wala kupatikana kwa kibali cha kazi. Ukishasaini umesaini. Kama ulitaka kujua afya ya mtu ama kama atapata kibali ungeuliza kabla. Kwa makocha pia, tangu Januari 2021 wana kanuni zao ndani ya kitabu hicho hicho, na huko wameongeza hata leseni ya ukocha: klabu haiwezi kumsainisha kocha alafu baadaye iseme ooh mkataba umekufa kwa sababu cheti chako hakikubaliki. Nani anawaambia wageni wetu haya? Hakuna. Na viongozi wengi wa klabu na wao hawayajui, wanachukua mkataba wa mwaka juzi wanabadilisha jina tu.

Hii ya leseni si hadithi ya mbali. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wanataka kocha mkuu wa timu inayocheza mashindano yao awe na leseni A ya CAF ama inayolingana nayo. Mwaka 2020 Gor Mahia ya Kenya, jirani zetu hapo, walijikuta kocha wao hawezi kukaa benchi mechi za Afrika kwa ajili ya karatasi, na kocha mwenyewe ni yule yule Robertinho ambaye baadaye akaja kuwabeba Vipers. Uwezo mtu anao, lakini kuna mtu ofisini hakufanya kazi ya kusoma masharti kabla ya kumpandisha ndege. Yaani unaweza kumpoteza kocha mzuri kwa uzembe wa wiki moja.

Wale wanaosema madeni yataisha tu yenyewe waende waulize AFC Leopards, klabu nyingine ya Kenya. Mwaka 2021 FIFA waliwafungia kusajili kwa sababu ya madeni ya wageni wao, akiwemo kocha Mnyarwanda Andre Casa Mbungo. Mdhamini wao wa kamari, SportPesa, alikuwa amesimamisha shughuli Kenya 2019 na hela ikakauka, lakini mikataba ya watu haikukauka. Wageni wanaondoka, klabu inabaki imefungwa, na anayeumia ni kijana wa pale mtaani ambaye hawezi kusajiliwa. Na tusijifanye sisi tuko safi, Micho mwenyewe pamoja na mapenzi yote aliondoka Cranes, timu yetu ya taifa, Julai 2017 akilalamikia mishahara ambayo haijalipwa. Akaenda zake Orlando Pirates ya Afrika Kusini, na alikuwa na kila haki.

Sasa nataka nini. Nataka FUFA, chama chetu cha mpira, wasimpe mchezaji wala kocha wa kigeni leseni ya kucheza mpaka klabu ilete vitu mkononi: kibali cha kazi kutoka uhamiaji, si barua ya kusema tumeomba, kibali chenyewe, na mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoelewa, akiwa Mkongo basi Kifaransa ama Kiswahili, si gharama kubwa hiyo. Na zaidi ya yote nataka klabu iweke pesa ya dhamana kabla mtu hajaingia uwanjani, tuseme mshahara wa miezi mitatu na nauli ya kumrudisha kwao, ikae akaunti ambayo mwenyekiti hawezi kuigusa. Msimu ukiisha na mtu amelipwa, klabu inarudishiwa. Asipolipwa, inatoka hapo hapo bila kungoja kesi ya mwaka mzima. Paspoti ibaki mfukoni mwa mwenyewe, na ikikutwa ofisini iwe kosa la klabu. Kwa upande wa makocha, kila kocha wa nje awe na msaidizi wa hapa ambaye anafanya kazi ya kweli, anaingia vikao, anajua mipango, kwa sababu tumeona wageni wakiondoka na daftari lao timu inabaki inaanza sifuri.

Tuna Sheria ya Michezo ya 2023 iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, kwa hiyo Baraza la Michezo pale Lugogo haliwezi kusema halina mahali pa kuanzia. Na isiwe mpira wa miguu peke yake, kikapu na raga pia wanaleta watu.

Najua jibu litakalokuja, klabu ndogo za mikoani zitasema dhamana itatuua, ni matajiri peke yao watapata wageni. Hapa nawasikia kabisa, maana mi mwenyewe si mtu wa Kampala, najua timu ikitoka huku kwenda kucheza Arua hela ya mafuta tu ni kikao. Kwa Wakenya na Wanyarwanda angalau ada ya kibali iliondolewa, hiyo inapunguza. Lakini kama klabu haina mshahara wa miezi mitatu wa mtu mmoja, itamlipaje mwaka? Ichukue vijana wa hapo. Wapo wengi na wanajua mpira. Hilo litafanya ile kazi ambayo watu wa idadi wanaitaka, bila hata kutaja idadi.

Kitu kimoja sitaki mtu alegeze ni watoto. FIFA wamekataza uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18, na njia za kupita ni chache, kwa mfano mzazi amehama kwa sababu zisizo za mpira. Sisi wa mpakani tuna yetu: mtoto anayekaa ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuchezea klabu ya upande wa pili nayo ikiwa ndani ya kilomita 50, nyumbani na klabu visizidi kilomita 100, aendelee kulala kwao, na vyama vyote viwili vikubali. Kwa Busia hiyo kanuni ni baraka, mtoto anavuka kwa miguu anacheza anarudi kula kwa mamake. Ila kuna watu wanachukua watoto kutoka mbali sana wanawaweka akademi Kampala wanasema ni wa mpakani ama ni ndugu, na hiyo ni biashara ya watoto, sitaiita jina lingine.

Na wewe mgeni unayesoma hii, mchezaji ama kocha, sikiliza. Usiondoke mezani bila nakala yako ya mkataba, ipige picha mtumie ndugu yako nyumbani. Mshahara ukipita miezi miwili haujalipwa, andika barua kwa klabu, wape siku 15 walipe yote, weka ushahidi kwamba wameipokea. Siku hizo zikiisha bila kitu, kanuni za FIFA zinakupa haki ya kuvunja mkataba na kudai chako, na Mahakama ya Mpira ya FIFA inapokea kesi kama yako. Usikae mwaka mzima unaambiwa wiki kesho.