Filamu ya bajeti ndogo: uiweke YouTube bure ama uuze tiketi kwanza?

Ukikaa na watu wanaotengeneza filamu hapa Kisumu ama kule Nakuru lazima utaskia huu ubishi, mmoja anasema ukimaliza kuedit pandisha yote YouTube bure watu wakujue, mwingine anakwambia ukifanya hivyo umeiua, iweke ukumbini watu walipe kwanza. Mimi niko na wa ukumbi, na sio juu ya pesa.

Wa YouTube wana hoja, tusiwadharau. Kupandisha ni bure, mtu wa Bondo anayefanya kazi Doha anaiona usiku huohuo na hao wa ng'ambo ndio husambaza linki kwa grupu za familia za WhatsApp. Lakini pesa za matangazo hazianzi kuingia mpaka ufikishe subscribers 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Kama filamu yako ni ya dakika 70, hiyo ni kama watu 3,400 waiangalie mwanzo hadi mwisho, na wewe unajua vile watu huchunga bando. Halafu kuna views za TikTok, klipu inaangaliwa na maelfu, siku ya onyesho wanakuja mabinamu zako.

Ukumbi nao hautakutajirisha. Tuseme viti 100, tiketi 200 bob, ukijaza ni 20,000, na hapo hujatoa ya ukumbi, projekta na spika, na KFCB, bodi ya serikali ya kuainisha filamu, lazima waikague filamu waipe kiwango cha umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Watu hupenda kutaja Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ambayo KFCB ilipiga marufuku, eti 2018 korti ilisimamisha hiyo marufuku kwa siku 7 na kumbi za Nairobi zikajaa. Ni kweli, lakini ile ilikuwa imeshatoka tamasha la filamu la Cannes na marufuku yenyewe ikawa matangazo ya bure, wewe wa Nyalenda hapa Kisumu bodi haijui hata kama uko.

Sasa mbona bado nasema ukumbi? Juu ukikaa kiti cha nyuma unaona penye watu wamecheka na penye wameanza kutoa simu, na hiyo komenti za emoji haziwezi kukuonyesha. Na pale mlangoni weka daftari la kawaida, kalamu ifunge na uzi isitembee, anayetaka kuambiwa filamu yako ya pili inatoka lini aandike jina na namba. Majina 60 kwa hilo daftari naona yana uzito kuliko views elfu kumi.

Vibanda vya video ndio pande zote mbili zinasahau, na huko watu wamezoea kulipa kitambo, DJ Afro amejenga jina kubwa kwa kusimulia tu filamu za nje kwa Kiswahili. Ubaya ni kwamba ikishaingia kibandani kesho iko kwa flashi ya kila mtu, na kama ni ya Dholuo ukiipeleka Nakuru, kwa kibanda hakuna mtu amekuja kusoma maandishi ya tafsiri. Na usiwahi kupanga onyesho wakati mmoja na mechi ya Arsenal, hapo hata mabinamu hawatakuja.

YouTube ipandishe, ila baada ya kuizungusha Kisumu, Kakamega na Nakuru, na ya pili ikiwa imekaribia kuisha. Kabla ya kuweka linki popote, itume kwanza kwa wale wa daftari.