Meseji ya kuku imeenda grupu la wazazi

Jamani acheni nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi nafuga kuku wa nyama huku Kibaha, banda liko nyuma ya nyumba, wakubwa 200 na vifaranga 300, na ndani nina wangu wawili, mmoja yuko darasa la pili na mwingine ana miezi minne, huyo hajui usiku wala mchana yeye ni ziwa tu.

Sasa siku hiyo vifaranga walikuwa wanafikisha siku 14, yaani siku ya chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa kuku. Wafugaji mnajua, ile unawapa kwenye maji, lazima uwanyime maji kwanza kama saa moja na nusu hivi ili ukiwawekea wayavamie, na yawe ya kisima sio ya bomba maana klorini inaiua chanjo, na ukishachanganya hakikisha wamemaliza ndani ya masaa mawili. Saa tisa usiku nanyonyesha, jicho moja limefumba, mkono mmoja una mtoto, nikakumbuka sijamwambia dogo wa bandani. Nikaandika kwa dole gumba la kushoto nikatuma nikalala.

Asubuhi nikamwahisha mkubwa kwenye bajaji ya shule, nikafunga mtoto mgongoni, saa tatu niko bandani na chupa yangu ya chanjo kwenye barafu. Nakuta vifaranga wanakunywa maji kwa raha zao, wengine wameshashiba wanaoga vumbi la maranda.

Nikawaka. "Si nimekwambia usiwape maji?" Dogo ananiangalia. "Dada hujaniambia kitu." "Nimekutumia meseji usiku!" "Haijaingia dada." Nikasema ngoja nikuonyeshe maana wewe unapenda ubishi, nikarudi ndani kuchukua simu kwenye chaji.

Meseji 94. Missed call za mwalimu 6.

Kumbe nilituma grupu la wazazi wa darasa la pili. Naikumbuka neno kwa neno: "Asubuhi wasipewe maji kabisa, wakipiga kelele waache tu. Saa tatu nakuja na chanjo nachanganya mwenyewe kwenye ndoo, wanywe wote. Wanaosinzia watenge. Wale wakubwa usiwaguse, Ijumaa mteja anakuja kuwabeba ameshatoa advansi. Yule anayechechemea usimhesabu, huyo tutamchinja tule wenyewe."

Na darasani kuna mtoto kateguka mguu kwenye mpira wiki iliyopita.

Nilisoma yale majibu nimekaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Mmoja anauliza mbona hatujasaini fomu ya chanjo. Mwingine, "Mwalimu, wangu nimeshampa chai, chai nayo inahesabika?" Baba mmoja mtiifu sana, Mungu ambariki, kaandika "Wangu kaja na kiu kama mlivyoagiza." Kuna aliyetaka kujua mteja wa Ijumaa ni nani na wanapelekwa wapi. Mama wa yule wa mguu hakuandika, katuma voisi ya dakika tatu, sijaisikiliza mpaka leo na sitaisikiliza. Ila aliyenimaliza ni mume wangu, naye yumo kwenye grupu, saa kumi na mbili na nusu kajibu "Sawa 👍". Sawa nini baba? Umesoma?

Kwa kiwewe nikabonyeza kufuta, nikaifuta kwangu tu. Sasa mimi siioni, wenzangu 58 wanaiona. Nikaanza kujieleza, "samahani ni kuku", na mtoto mgongoni analia, vidole vinatetemeka, ikaenda "samahani ni kuku wangu", mtu akajibu "kumbe ndio mnavyowaita watoto wetu". Ikabidi nitoke nikapige picha ya banda, dogo kasimama katikati kashika kinywesheo, nikaituma. Hapo ndio pakatulia, vikaja vicheko, na wawili wakaniulizia bei (mmoja ni yule baba mtiifu).

Mwalimu alipopokea simu yangu alikuwa anacheka mpaka anakohoa, ila grupu amelifunga, siku hizi maadimini tu ndio wanaandika. Dogo naye kaniambia dada mimi meseji sitaki, nipigie.

Chanjo sikuichanganya, ikarudi kwenye friji mpaka kesho yake. Mkubwa karudi jioni tumbo limemjaa kama ngoma, anasema kila mwalimu akipita anamuuliza umekunywa maji, ukisema ndio unapewa tena. Usiku akakojoa kitandani, hajawahi tangu chekechea. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri niko nje nafua shuka, halafu ndio nikaenda kuwanyang'anya kuku maji.