Kusoma vinasaba vya maharage ya kablanketi si anasa

Ukipita shamba la maharage Umalila, Mbeya, msimu wa mvua, utakuta mche mmoja umenyauka huku wenzake wamestawi. Ung'oe, upasue shina kwa kucha. Ndani mishipa ni myeusi tii. Mwenye shamba atakwambia ni mvua. Mara nyingi ni batobato, ugonjwa wa virusi, ile aina yake kali.

Naanzia hapo kwa sababu wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini fedha ziende kusoma mfuatano wa vinasaba vya maharage, yaani herufi zinazobeba sifa anazorithi mmea, wakati mkulima anapunjwa kwa lumbesa na barabara ya shambani haipitiki. Mbegu nyingi zinazopandwa hutoka kwenye gunia la nyumbani au sado ya sokoni, na hakuna herufi ya kinasaba itakayoibadili hali hiyo. Mashine na kemikali zake hununuliwa nje kwa dola. Haya yote ni kweli. (Wanaodhani kusoma vinasaba ni sawa na kutengeneza GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, wao wamekosea: kusoma si kubadili.)

Ila turudi kwenye ule mche. Wazalishaji wa mbegu wametumia sana jeni (kinasaba kimoja) iitwayo I, inayozuia batobato la kawaida. Ikikutana na virusi vya aina kali, mmea wenye jeni hiyo peke yake hujiunguza mishipa na kufa. Dawa yake ni kuiambatanisha na jeni nyingine, bc-3. Na hapa ndipo ugumu ulipo. Mmea lazima urithi bc-3 kutoka pande zote mbili ndipo ikinge, kwa hiyo ikirithiwa upande mmoja huioni kwa macho. Ikikamilika, inaificha I: unaupaka mmea virusi, hauugui, na hujui kama una jeni mbili au moja. Ukiwa na mfuatano wa jeni hizo, kipande cha jani la mche mchanga kinakupa jibu kabla haujatoa ua. Kwa kazi ya kutoa mbegu mpya, inayokaribia miaka kumi, misimu inayookolewa hapo si michache.

Jenomu ya kwanza ya rejea ya maharage, yaani mfuatano wake mzima unaotumika kulinganishia mingine, iliyotoka 2014, ni ya aina ya Peru, G19833. Ya 2016 ni BAT93, ya ukoo wa Amerika ya Kati. Maharage yalitolewa mwituni mara mbili, Andes na huko Meksiko, na koo zote mbili zikafika kwetu na kuchanganyika mikononi mwa mama zetu kwa vizazi. Kablanketi, ambayo mnunuzi wa soko la Mwanjelwa huitafuta kwa mchuzi wake na kuiva haraka, haiwezi kusomwa yote kwenye kitabu cha Peru, yaani ile jenomu ya 2014.

Wapo pia wanaohofia kwamba vinasaba vyetu vitamilikiwa na wengine, na hoja hiyo ya umiliki naichukulia kwa uzito. Herufi zikishawekwa kwenye intaneti, yeyote duniani anazichukua, hivyo masharti ya kugawana faida yawekwe kabla ya sampuli kuondoka nchini.

Na kila mfuatano uambatane na rekodi za shamba: ulipandwa Uyole au Mufindi, uliugua nini, uliiva kwa muda gani jikoni. Rekodi hizo haziletwi na mashine. Zinaandikwa na fundi sanifu aliyesimama kwenye tope na daftari, na bajeti yake ndiyo hukatwa ya kwanza.